Kioo cha nyuma cha pikapu kinapopasuka chenyewe: nani alipe, na nani aambiwe?

Asubuhi ya baridi kali, dereva anawasha pikapu yake na kubonyeza kitufe cha kupasha joto kioo cha nyuma ili barafu iyeyuke. Dakika chache baadaye unasikika mlio mkali kama wa risasi. Kioo chote kinageuka punje ndogo ndogo, nyingine zinamwagika juu ya kiti cha nyuma. Hakuna jiwe lililorushwa, hakuna mwizi, hakuna gari lililogonga.

Visa vya namna hii vimekuwa vikiripotiwa na wenye pikapu huko Marekani na Kanada kwa miaka kadhaa. Baadhi yao wameandika malalamiko kwa NHTSA, idara ya taifa ya usalama barabarani ya Marekani, ambayo huyaweka wazi ili kila mtu ayasome. Lalamiko moja si ushahidi. Lakini malalamiko yanapofanana, mtu ana haki ya kuuliza: je, kioo kinaweza kweli kupasuka chenyewe? Kama ndiyo, nani alipe?

Kwa msomaji wa Beni, Uvira au Kalemie, ambako barabara mbovu na vita ndizo habari za kila siku, jambo hili linaweza kuonekana dogo na la mbali. Lakini linatugusa kwa njia mbili. Kwanza, ndugu zetu wengi sasa wanaishi huko. Katika miaka ya bajeti ya 2023 na 2024, Kongo ilikuwa nchi ya kwanza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani kupitia mpango wa kuwapa makazi mapya, na katika miji mingi ya huko huwezi kwenda kazini bila gari. Pili, gari linalochoka huko Amerika, Ulaya au Japani halitupwi. Linauzwa tena, na linapofika kwetu linakuja na kasoro zake zote, ila karatasi za onyo zinabaki nyuma.

Kioo hiki kimetengenezwaje

Vioo vya gari si vya aina moja. Kioo cha mbele ni tabaka mbili za kioo zenye utando wa plastiki katikati. Kikipigwa na jiwe kinapata ufa, lakini hakianguki. Kioo cha nyuma, hasa kwenye pikapu, kwa kawaida ni tabaka moja lililotiwa ugumu kwa moto. Kiwandani hupashwa joto hadi nyuzi zaidi ya 600, kisha hupulizwa hewa baridi kwa ghafla. Ngozi yake ya nje hupoa kwanza na kukaza, na sehemu ya ndani hupoa baadaye huku ikivuta. Kwa hiyo kioo hiki hukaa siku zote kama upinde uliovutwa. Mkazo huo ndio unaokipa nguvu kuliko kioo cha kawaida.

Lakini mkazo huohuo una gharama. Ikitokea alama ndogo ikapenya ngozi ya nje na kufika ndani, kioo chote hupasuka kwa mara moja. Hakuna ufa mdogo wa kukuonya. Kinakuwa punje ndogo zisizo na makali marefu, na hivyo ndivyo kilivyokusudiwa, ili kisimkate mtu shingo wakati wa ajali.

Juu ya kioo hicho, upande wa ndani, kiwanda huchapa mistari myembamba ya rangi yenye madini ya fedha, kisha mistari hiyo huchomwa pamoja na kioo. Hizo ndizo waya tunazoziona zikikatiza kioo cha nyuma. Umeme wa batri ukipita, zinapata joto, na ukungu au barafu inaondoka. Kila upande kuna kipande kidogo cha chuma kilichosodwa juu ya kioo. Hapo ndipo waya wa gari unapounganishwa, na hapo ndipo matatizo mengi huanzia.

Hesabu ya joto

Kioo cha namna hii kinaweza kuvuta ampea 20 kwenye umeme wa volti 12, yaani wati 240. Zikisambaa kwenye kioo kizima, ni joto la kawaida ambalo mkono unavumilia. Kioo kilichotiwa ugumu kinaweza kustahimili tofauti ya joto ya takriban nyuzi 200 kati ya sehemu moja na nyingine. Kwa hiyo kampuni inaposema kwamba waya zenyewe, zikiwa nzima na kwenye kioo kizima, haziwezi kukipasua, haisemi uongo.

Tatizo ni pale ambapo vitu si vizima. Chukua mfano wa kipande kile cha chuma ambacho soda yake imeanza kuachia. Kikibaki na ukinzani wa sehemu moja tu ya kumi ya omu, huku ampea 20 zikipita, wati 40 za joto zitazaliwa mahali padogo kama ncha ya kidole. Wati 40 ni nguvu ya chuma cha kusodea anachotumia fundi wa redio. Sasa fikiria chuma hicho kimewekwa juu ya kioo kilichoganda kwa baridi, kwa dakika kumi, asubuhi baada ya asubuhi.

Mtu atauliza: je, fyuzi haipaswi kuungua? Hapana. Fyuzi hukata umeme unapozidi kiasi. Mahali palipoachia hapaongezi umeme, panaupunguza kidogo. Fyuzi inaona kila kitu ni salama wakati kioo kinachomwa. Mara nyingi dalili pekee ni alama ya kahawia au nyeusi kando ya kipande cha chuma, au plastiki ya plagi iliyoanza kuyeyuka.

Pikapu ina ugumu wake zaidi ya gari dogo. Kabini na karai la kubebea mizigo ni vitu viwili tofauti juu ya fremu moja, na barabara ikiwa mbaya kila kimoja kinajipinda kivyake. Kioo cha nyuma kimesimama katikati, karibu na mzigo. Tena pikapu nyingi za Amerika zina kioo cha nyuma cha vipande vitatu, ambapo kile cha katikati husogea kwa mota. Hiyo ina maana ya waya zaidi, viungo zaidi, na kingo zaidi za kioo. Na kingo ndizo sehemu dhaifu kuliko zote. Mkwaruzo uliofanywa na shoka au ubao mwezi uliopita unaweza kukaa kimya hadi siku ambayo joto na baridi vitakutana hapo.

Kuna sababu nyingine pia. Wakati wa kutengeneza kioo, chembe ndogo sana ya madini ya nikeli na salfa inaweza kubaki ndani. Chembe hiyo hutanuka polepole na inaweza kupasua kioo baada ya miaka. Wajenzi wa majumba marefu ya vioo wanalifahamu vizuri tatizo hili. Kwa hiyo si kila kioo kilichopasuka bila kuguswa ni kosa la waya. Na hapo ndipo mgogoro wa pesa unapoanza.

Kwa nini mwenye gari ndiye anayelipa

Sheria ya usalama wa magari ya Marekani ni ya mwaka 1966. Inasema kasoro ikileta hatari isiyokubalika kwa usalama, kampuni lazima iwajulishe wenye magari na kutengeneza bila malipo. Huo ndio wito wa marekebisho, ambao wengi wetu tunauita kwa Kifaransa rappel. Baada ya matairi ya Firestone kuhusika katika ajali nyingi za Ford Explorer, sheria nyingine ya mwaka 2000 ilizilazimisha kampuni kuripoti mapema dalili za kasoro.

Swali ni hili: je, kioo cha nyuma kinachogeuka punje ni hatari kwa usalama, au ni usumbufu tu? Kampuni zina hoja tayari. Kioo kimepasuka jinsi kilivyobuniwa kupasuka, na dereva bado anaona mbele. Wenye magari wana hoja yao: mlio wa ghafla kwenye barabara ya kasi unaweza kumfanya dereva apoteze usukani, na mara nyingi wanaokaa kiti cha nyuma ni watoto. Hoja ya pili ina uzito kwa maoni yetu. Punje hizo hazikati shingo, lakini zinaweza kuingia machoni.

Historia inaonyesha kwamba serikali inaweza kuchukua hatua. Mwaka 2012, Hyundai iliita magari ya aina ya Veloster yarudi kwa sababu ya vioo vya paa vilivyoweza kupasuka. Mwaka 2013, NHTSA ilifungua uchunguzi juu ya vioo vya paa vya Kia Sorento. Lakini uchunguzi huchukua miaka, na kati ya lalamiko na wito kuna mlango mwembamba. Mara nyingi kampuni hutoa tu maelekezo kwa mafundi wake, ambayo mwenye gari hayaoni, na ambayo hayamlazimishi mtu yeyote kutengeneza bure.

Garanti nayo haisaidii sana. Kwa kampuni kubwa za Amerika, garanti ya jumla kwa kawaida ni miaka 3 au maili 36,000. Ndani yake, kuvunjika kwa kioo hakulipwi isipokuwa ithibitike kwamba kasoro ni ya kiwanda. Na uthibitisho uko wapi? Umelala sakafuni, punje elfu kadhaa. Kampuni ya bima ikikubali, italipa baada ya kukata sehemu ya kwanza ambayo mteja lazima alipe mwenyewe. Kwa kioo cha kusogea chenye waya, mota na fremu, bei ni kubwa kuliko kioo cha kawaida, kwa sababu huwezi kununua kipande kimoja tu.

Hapo mzigo wote wa ushahidi unamwangukia mtu aliye dhaifu kuliko wengine wote: mfanyakazi aliyenunua pikapu kwa mkopo, asiye na fundi wala wakili. Kwa ndugu zetu walioko huko ambao Kiingereza bado kinawapa shida, mara nyingi jambo linaishia kwenye kaunta ya garaji kwa maneno mawili: ni jiwe.

Onyo lisilovuka bahari

Sasa tuje kwetu. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lilitoa ripoti mwaka 2020 ikionyesha kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo ya okazio milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Umoja wa Ulaya, Japani na Marekani. Karibu asilimia 80 yalikwenda nchi za kipato cha chini na cha kati, na Afrika ndiyo iliyopokea mengi zaidi.

Gari likitoka Marekani, barua ya wito wa marekebisho haliifuati. Barua hizo hutumwa kwa anwani ya mtu aliyeandikishwa kuwa mwenye gari huko. Hata ndani ya Marekani, sheria ya taifa haimlazimishi muuzaji wa magari ya okazio kumaliza marekebisho kabla ya kuuza. Na haki ya kutengenezewa bure ina kikomo: kama gari liliuzwa kwa mnunuzi wa kwanza zaidi ya miaka 15 kabla ya wito kutolewa, kampuni hailazimiki tena. Gari lenye umri kama huo ndilo linalobeba watu na mizigo kwetu.

Magari mengi yanayofika Mashariki ya Kongo kupitia Mombasa na Dar es Salaam yanatoka Japani, na huko kuna mfumo wake wa wito. Lakini gari lililouzwa kwa soko la ndani la Japani halina namba ya tarakimu na herufi 17 kama la Marekani. Lina namba fupi ya chasi. Mtu akiiandika kwenye mtandao wa NHTSA haipati kitu, naye anafikiri gari lake halina kasoro. Namba hiyo inapaswa kutafutwa kwenye ukurasa wa Kijapani wa kampuni iliyotengeneza gari.

Je, waya za kioo zina kazi gani kwetu, ambako hakuna barafu? Muulize dereva anayepita Lubero au Masisi alfajiri, mvua ikinyesha na abiria watano wakipumua ndani. Ukungu unafunika vioo vyote. Ni kweli pikapu nyingi za kazi hazina waya hizo, lakini jeep, magari madogo na baadhi ya pikapu za kabini mbili zinazo. Na hapa kwetu kuna hatari ambayo huko Amerika ni nadra: fyuzi ikiungua, wengine hufunga kipande cha waya mahali pake ili safari iendelee. Kwenye saketi ya ampea 20 au 30, huko ni kukaribisha moto.

Kioo kikiisha kupasuka, wengi wetu hatuna pa kudai. Bima ya lazima ya gari inafidia madhara uliyowafanyia wengine, si kioo chako. Muuzaji amekwisha sema: umeliona, umelipenda, umelichukua. Basi kinachobaki ni kupachika plastiki au karatasi ya plexiglas, na vumbi, mvua na wezi wanapata njia.

Lakini kioo ni mfano mwepesi tu. Njia ileile inayopotezea onyo la kioo ndiyo inayopotezea onyo la mambo yanayoua. Mito ya hewa ya Takata, ambayo ilisababisha wito mkubwa kuliko yote katika historia ya magari, karibu mito milioni 67 kwa Marekani peke yake, huzidi kuwa hatari inapokaa miaka mingi kwenye joto na unyevu. Mahali penye joto na unyevu ni kwetu. Mtu anayeendesha gari lenye mto kama huo hapa, nani amemwambia?

Kinachoweza kufanyika

Kwa miaka mingi mjadala wetu juu ya magari ya okazio umekuwa juu ya umri wa gari na upande wa usukani. Hayo yana maana, lakini hayatoshi. Gari la miaka saba linaweza kuwa na kasoro ambayo kiwanda kinaijua na kimeshaitangaza, na la miaka kumi na mbili likawa limetengenezwa vizuri.

Hatua ya kwanza haihitaji maabara wala mamilioni ya dola. Anayeingiza gari aombwe karatasi moja inayoonyesha kwamba namba ya gari imeangaliwa katika nchi lilikotoka, na kama kuna wito ambao haujatekelezwa uandikwe wazi. OCC, ofisi yetu ya kukagua bidhaa, ina uwezo wa kuidai. Tangu mwaka 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Magari yetu yanapita kwenye bandari za wenzetu, na wanunuzi wa Kampala, Bujumbura na Butembo wana shida moja. Orodha moja ya pamoja ingewasaidia wote.

Kuna wanaosema karatasi nyingine itakuwa mlango mwingine wa rushwa kwenye duane. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana karatasi hiyo isiwe sababu ya kuzuia gari, iwe sababu ya kumjulisha mnunuzi. Afisa hana cha kuuza kama habari yenyewe mnunuzi anaweza kuihakiki bure kwa simu yake.

Wakati tunangoja, kila mwenye gari anaweza kujilinda. Angalia vipande vya chuma pembeni mwa kioo cha nyuma. Ukiona alama ya kuungua, au plagi ina joto kali baada ya dakika mbili, zima na usitumie tena hadi fundi asode upya. Kama hutumii waya hizo, ondoa fyuzi yake, lakini kwanza hakikisha hailishi kitu kingine. Usikwangue upande wa ndani wa kioo kwa wembe. Usimwage maji ya moto juu ya kioo chenye barafu. Mzigo usiegemee kioo. Fyuzi ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zilezile, kamwe si kwa waya.

Na kwa ndugu walioko ng'ambo: kioo kikipasuka, usifagie kwanza. Kama kina karatasi ya giza, punje nyingi zitabaki zimeshikana, na mistari ya mipasuko inaelekeza mahali ilipoanzia. Piga picha ya mahali hapo, na ya vile vipande vya chuma. Andika saa, baridi ilivyokuwa, na kama kitufe kilikuwa kimewashwa. Peleka lalamiko kwa NHTSA, au kwa wizara ya usafiri kama uko Kanada. Halina malipo. Lalamiko moja halibadilishi kitu, lakini uchunguzi wa serikali huanzia mara nyingi kwenye malalamiko ya watu ambao kila mmoja wao alidhani yuko peke yake.

Kampuni inayouza gari haiwezi kuahidi kwamba kioo hakitapasuka kamwe. Inachoweza kuahidi ni kusema inachokijua, kwa kila anayeliendesha gari hilo, si kwa mnunuzi wa kwanza tu. Kwa sasa ahadi hiyo inaishia bandarini.